Kristo wa Mwalimu Leontina

Mwalimu Leontina Cozma alifundisha fasihi mjini Huși, na hakuna riwaya iliyopita mikononi mwake asimgundue Kristo ndani yake. Mhusika akila samaki, ni Kristo; akifa kijana, ndiyo kabisa. Siku moja mwandishi Sorin Mătase alikuja kwenye maktaba ya mji kuwasomea watu kitabu chake kipya. Alipomaliza, mwalimu akasimama.

"Bwana Sorin, huyu Gavril wako anayekufa juu ya mkokoteni, mikono kaitandaza, ni Kristo mtupu."

"Mama, yule ni mlevi tu. Nimemchora kutoka kwa mjomba wangu."

"Na divai nayo ipo, umeona?"

"Tena ni mwizi wa kuku."

"Hata Kristo alihesabiwa pamoja na wahalifu."

Mjomba mwenyewe, mzee wa pua nyekundu, akainuka kutoka viti vya nyuma, kanuna. "Sorin, yaani umeniua kitabuni?"

Leontina akashika kifua. "Amefufuka," akanong'ona.

Tangu hapo mzee huyo hula kwa mwalimu kila Jumapili, nyama ya kuviringishwa kwenye kabichi na divai anavyotaka. Mume wa Leontina amehamishiwa kwenye kigoda, na akilalamika huitwa Yuda.