Mtoto Wangu Kwenye Foleni ya Mpaka

Kreshi, nyumba ya kulelea watoto, yenye kibali cha wilaya niliijua. Iko hapa Kamembe, upande wa Rwanda, juu ya barabara, ina uzio na vitanda vidogo. Nilikwenda kuomba nafasi tumbo likiwa bado kubwa, na mkurugenzi akaniambia, "Maman, nafasi haiko. Labda mutoto moja akue, atoke." Basi nilipojifungua, na bosi wa ushonaji akaniita kazini, nikampeleka binti yangu kwa jirani anayelea watoto sebuleni kwake bila kibali chochote. Wengi ni wa akina mama wanaovuka mpaka kuuza nyanya Bukavu, Kongo.

Niliogopa tangu siku ya kwanza. Lakini ningefanyaje?

Jirani alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto anaachwa na kitenge cha mama yake, alale na harufu anayoijua. Akilala, anafunikwa mpaka kichwani kwa sababu ya inzi, kwa hiyo jirani anamjua kwa kitenge. Sasa sisi tukaenda kuozesha binti wa mtaa, wanawake wote sare moja, kijani chenye ndege. Harusi ikaisha, sare ikawa ya kubebea watoto. Nani angewaza?

Mchana mmoja nilitoka kazini kwenda kunyonyesha. Nikafunua kitenge. Mvulana!

"Huyu haiko wangu! Mutoto wangu iko wapi?"

Jirani akashika kichwa. "Yesu wangu! Mama wa huyu amepita sasa hivi, alikuwa na haraka. Mimi mwenyewe nilimubebesha, mutoto amelala. Iko anaenda naye Bukavu, atalala kule."

Ng'ambo! Nchi nyingine! Nikamnyakua yule mvulana, nikapanda pikipiki. "Papa, mupakani, kimbia!" Mvulana analia, mimi nalia, dereva anapiga honi. Bukavu nimekulia, najua mtu anavyopotea sokoni kule. Nikamtukana jirani, nikatukana harusi, nikatukana hata ndege wa kile kitenge.

Kwenye foleni ya daraja nikaona mgongo wa kijani. Mbele yake alibaki mtu mmoja tu.

"Maman! Fungua mutoto!"

"We, una wazimu? Iko analala."

"Fungua!"

Akageuka, akaona niliyembeba. Akafungua fundo, na binti yangu akateremkia mikononi mwangu, ana joto, ana jasho, amekasirika. Mwenzangu akaketi kwenye lami na mwanawe, akalia kwa sauti mpaka askari akaja kuuliza kama tumefiwa.

Jioni nikarudi kreshi. Niliomba, nikapiga magoti kabisa. Mkurugenzi alisikitika, nilimwona. "Kila mulezi ana hesabu yake ya batoto, Maman. Nikizidisha, batatunyang'anya kibali." Sikuweza hata kumchukia. Ndiyo sheria ileile iliyonifanya niitake kreshi yake.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni kwa jirani, binti yangu kifuani. Jirani hakuthubutu kunitazama.

"Utamuacha?"

Nilitaka kusema hapana. Nikamwachia, nikaenda kushona, na siku nzima kila mwanamke aliyepita na mtoto mgongoni nilimtokea nje, nikamwomba anionyeshe uso wa mtoto.