Siku Niliyopanda Paa la Nyumba ya Mama

Baba aliwekewa simu katikati ya miaka ya sitini, alipokuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pareto. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya kutoka Keumbu kwenda Birongo, na nguzo zilipita mpakani mwa shamba. Aliiweka chumbani mwake, karibu na kitanda, kwa sababu sebuleni watoto tungeichezea. Miaka michache baadaye alishindwa uchaguzi wa chama, laini ikakatwa, na karani mpya akaja kuchukua simu yenyewe kwa baiskeli. Vilivyobaki vilikuwa vya nje: mlingoti mfupi wa chuma juu ya paa, vikombe viwili vyeupe vya kaure vilivyoshika waya, na waya mweusi ulioingia chumbani kupitia tundu chini ya mabati.

Watu waliendelea kuelekezana, "Ukifika nyumba yenye simu, kata kushoto." Baba alipenda kusikia hivyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilitafuta kazi Kisii mjini nikakosa, nikaenda Kericho nikakosa, mwishowe nikapata kibarua katika kikosi cha waya wa simu. Mwaka ule tulikuwa tukiondoa laini zilizokufa, tangu Nyamira hadi Keroka. Tulikuwa wanne: nyapara, dereva, na wapandaji wawili. Mwenzangu wa kupanda alikuwa amekanyaga msumari wiki hiyo, akawa anachechemea. Nafasi moja ya kazi ya kudumu ilikuwa wazi, na nyapara ndiye angependekeza jina.

Nilijua siku yoyote tungefika kwetu. Sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba siku hiyo mguu wa mwenzangu utakuwa umepona.

Kwetu Gusii, kijana aliyekwisha kutahiriwa haingii chumba cha kulala cha wazazi wake, wala hapandi juu ya nyumba wanamolala. Tunaiita chinsoni, heshima inayomweka mtoto mbali na unyumba wa waliomzaa. Mtu hakalishwi chini kufundishwa. Anakua akiona watu wakiishi hivyo. Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na nilikuwa nimemsikia mara nyingi akihubiri kwamba miiko yote ya zamani ni kamba za kufunga watu wajinga.

Lori liliposimama langoni, baba alikuwa uani akinoa jembe. Wanawake wawili wa kanisa lake, waliokuwa wakitoka mtoni, walitua mitungi wakatazama.

"Mzee, hujambo," nyapara alisema. "Tumekuja kuchukua vyuma vyetu."

"Chukueni. Havinisaidii kitu." Kisha akaniona nikiteremsha ngazi.

"Tata," nikamsalimu baba.

Nyapara alinitazama, akamtazama baba, akapiga makofi. "Kumbe ni kwenu! Ulinificha ili tusile ndizi zenu? Haya, panda, mguu wa mwenzako bado, na mvua inakuja."

Sikusogea.

"Vipi? Umeota mizizi?"

"Si desturi," nikasema kwa sauti ndogo. "Ni nyumba ya mama."

"Wee! Na kazi ya serikali nayo ina mama?" Dereva alicheka hadi akajishikilia mlangoni mwa lori. Nyapara akamgeukia baba. "Mzee, si wewe ni mtu wa Sabato? Ama Jumamosi mnaomba Mungu, Jumapili mnarudi kwa mizimu?"

Wale wanawake walimtazama baba. Akaweka jembe chini.

"Mambo ya chinsoni tuliyaacha mtoni siku ya ubatizo," akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Mura, mwanangu, panda. Hayo ni mabati na misumari tu."

Nilimtazama nione kama anamaanisha. Alikuwa ameelekeza macho barabarani. Ningeweza kukataa, na angalau kosa lingekuwa langu peke yangu mbele ya wageni. Lakini niliifikiria ile nafasi, nikafikiria pia mahubiri yake, nikayashika maneno yake kama mtu anayeshika tawi. Nikapanda.

Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazigonga kwa nyundo, na kila pigo lilivuma nyumba nzima. Mlingoti ulipotoka, waya ulikwama kwenye tundu. "Inua bati, uvute!" nyapara alipiga kelele. Niliinua ukingo wa bati. Nyumba haikuwa na dari. Chini yangu kilikuwa kitanda ambacho hakijatandikwa, mito miwili, na nguo ya ndani ya mama kwenye msumari. Nikavuta waya nikiwa nimefumba macho, nimechelewa.

Nilipoyafumbua mama alikuwa amesimama kwenye njia ya kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni. Alivuta leso akafunika uso, akageuka, akaingia migombani, na hakutoka hadi lori lilipoondoka.

Jioni nilirudi kulala nyumbani, na asubuhi iliyofuata niliona blanketi la baba limekunjwa juu ya benchi la sebuleni. Na kesho yake pia. Alikuwa amehama chumba.

Kaka yake mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lolote, alikuja kumsemesha. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikipasua kuni.

"Mbuzi mmoja tu," alisema. "Umle na kijana wako, yaishe."

"Nikila mbuzi wa utakaso Alhamisi, Sabato nitasimama mbele ya watu niseme nini?"

"Basi ni mabati na misumari. Rudi ukalale na mke wako."

"Nitarudi."

Hakurudi. Na mimi sikwenda kumwomba tumle yule mbuzi. Nilijiambia kwamba mtu wa dini kama yeye angeona ni matusi.

Miezi miwili baadaye nilipata kazi ya kudumu. Nikaomba kuhamishiwa Kitale, kisha Voi, kisha Isiolo, na kila mahali nilipofika nililala nikiwaza migomba ya kwetu. Nilipokuja likizo baba alizungumza nami vizuri, habari za mvua na bei ya chai, lakini kila mara tukiwa nje. Nikiingia sebuleni, alikuwa na jambo la kufanya zizini.

Alifariki kabla ya miaka ya sabini kwisha, juu ya benchi lile. Alipozidiwa walitaka kumbeba hadi kitandani, akashika mguu wa meza, akakataa.

Baada ya mazishi nilimfuata baba mkubwa, aliyekuwa akipukuchua mahindi nyumbani kwake.

"Yule mbuzi," nikamwambia, "bado anaweza kuchinjwa?"

"Utamla na nani?"

"Na mama."

"Mama yako alikusamehe palepale migombani. Yeye hakuwa na mimbari." Akatupa gunzi, akachukua jingine. "Mbuzi wa namna ile huliwa na wawili, mura. Ungekuja hata mwaka jana, ukasema ni wewe unayemtaka huyo mbuzi. Baba yako angemla kwa ajili yako."

Niliondoka kabla siku za msiba hazijaisha. Mama alinisindikiza hadi barabarani akaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia sijui, na sikuwa nikidanganya.