Mbele ya Picha ya Mlima Unaowaka

Dada yangu mkubwa Furaha, ninayemwita Yaya, anafanya usafi katika jumba la picha mjini London. Alinipigia simu Goma akasema, "Kuna picha ya mlima unaotema moto. Miaka mitatu napiga deki mbele yake bila kuinua macho. Njoo tuitazame pamoja." Visa ilipotoka, nilifunga begi.

Jumatatu alfajiri nilivuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi la Kigali, na kutoka huko ndege. Kesho yake Furaha alinipokea akiwa na koti zito mkononi. Nyumbani kwake Lewisham alikuwa ameshapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu.

Jumatano, siku yake ya mapumziko, tuliingia kwa mlango wa wageni. Mlinzi, Mkongomani mwenzetu, alicheka: "Mama, leo bila ndoo?"

Picha ilijaza ukuta. Ulikuwa Vesuvio, mlima wa Italia, na mchoraji huyo wa zamani hakubahatisha: wekundu ulikuwa umeshika tumbo la wingu, kama tulivyouona sisi Goma utotoni. Mimi nilitazama moto. Furaha alitazama chini, penye watu wadogo kama punje, mwanamke akikimbia na mtoto mkononi.

"Huyu hakumwachilia," alisema. "Mimi nilikuachilia."

Nilikuwa na miaka saba Nyiragongo, mlima wetu wa Goma, ulipolipuka. Tulipotezana katika umati, akanipata siku ya pili kanisani Gisenyi. Kumbe tangu hapo alijilaumu.

"Yaya, hukuniachilia. Nilichomoa mkono mwenyewe, nikarudi kumfungua mbuzi."

"Mbuzi?"

"Alikuwa amefungwa kamba."

Alinipiga begani kwa mkoba wake, mara mbili, kwa nguvu. Kisha akaketi kwenye benchi akacheka huku machozi yakimtoka, hata mlinzi akaweka kidole mdomoni.

"Akapona?"

"Alinishinda mbio."

Tulikaa pale hadi walipotangaza kufunga.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa njia ile ile. Nilikuwa nimejifunza kwamba sote tulipita katika moto mmoja, lakini hatukuwahi kuulizana. Nilipofika Goma, kabla ya kufungua begi, nilibisha kwa jirani yetu, Mama Noela, nikamwuliza siku ile alipita njia gani.

Alinisogezea kiti. "Keti," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."