Tiba Tatu za Hofu ya Watu

Kwenye simu nilikuwa hodari. Miaka ile ya sabini kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu katika posta ya Voi, hedifoni masikioni, uso umeelekea ukutani, na nilibishana na Mombasa nzima bila haya. Lakini mtu akisimama mbele yangu, ulimi uliganda, viganja vikalowa, macho yakatafuta mlango. Hata sukari niliwatuma wenzangu waninunulie.

Kisha nikaposwa. Kwetu kijijini Wusi, siku ya kuleta mahari, binti huitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili aulizwe kama anawajua wageni. Akinyamaza, amekataa, na wageni wanaenda zao. Nami nilimtaka yule mwanamume. Zilibaki wiki sita, na sikutulia hata siku moja.

Mama mchungaji wa kanisa letu alinikalisha Jumamosi nne, akitaka kujua hofu ilianzia wapi. Nilimweleza habari za mwalimu aliyenisimamisha mbele ya darasa mpaka nikajikojolea. Nikalia, naye akalia. Nilitoka pale mwepesi, nikafika dukani, ulimi ukaganda vilevile. Nilikasirika sana. Machozi yote yale, bure?

Nyanya alisema chanzo si huzuni, ni hasira. Akanitaka nitase kama wazee wetu: nimtaje aliyenikosea, nipige funda la maji, niyapulize nje pamoja na kinyongo. Nilimpulizia mwalimu yule maji ya kutosha. Raha yake ilidumu siku mbili, na mama mchungaji alipopata habari alininunia, akisema hayo ni mambo ya kipagani.

Nesi wa zahanati hakutafuta chanzo chochote. Aliniuliza tu, "Unaogopa nini kitatokea?"

Nikamwambia watu watanicheka. Akanipa daftari, akanituma sokoni Miasenyi, kando ya barabara kuu, niulize bei ya vitunguu kwa kila muuzaji na nisinunue. Kabla ya kwenda niandike ninachokiogopa. Nikirudi niandike kilichotokea. Nilimchukia nesi yule. Muuzaji mmoja alinitukana, wengine hata hawakunitazama. Niliandika yote.

Siku ikafika. Mzee wa kwetu akauliza, "Mwanangu, hawa watu unawajua?"

Macho yakatafuta mlango. Nikamwona mama wa mchumba wangu akijifunga leso upya, tayari kuondoka. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba kama ya mwanambuzi, na nyumba nzima ikacheka.

Basi kile hasa nilichokiogopa kilikuwa kimetokea. Nikangoja nife. Nikangoja tena. Badala ya kufa, nikapandwa na hasira.

"Nawajua," nikasema kwa sauti kubwa. "Na mkimaliza kucheka, pokeeni mahari yenu, mimi nataka kuolewa."

Mama mchungaji hushikilia mpaka leo kwamba yalinisaidia machozi. Nyanya alikufa akisema ni hasira. Mimi bado viganja vinalowa nikiingia ukumbini, ila lile daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho, chini ya kilichotokea, nimeandika: Walicheka. Nikaolewa.