Stendi ya Sufuria la Shangazi

Shangazi yangu kapika pilau la karibu kila harusi mtaani kwetu Temeke, kainama juu ya mafiga miaka yote mpaka mgongo ukagoma. Zamu ya dada yangu kuolewa ilipofika, wajomba wakaanza kunong'ona habari za kukodi wapishi. Shangazi akasusa hata chai.

"Nitengenezee kitu nipike nimesimama," alimwambia braza, kaka yetu mkubwa. "La sivyo pilau la mwanangu watapika watu wanaotia karoti!"

Braza anachomelea mageti. Akachukua mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye geti la mtu, membamba, yanang'aa, akaunga stendi ya miguu minne. Nzuri kweli. Mie nikamuuliza kama ni ya sufuria au ya televisheni.

"Si uko kidato cha tatu wewe? Piga hesabu," akanijibu. "Sufuria, mchele, nyama na maji, vyote havifiki uzito wa watu watatu."

Basi akapanda yeye na wenzake wawili wa karakana, wakacheza singeli hukohuko juu. Stendi haikutikisika. Shangazi akawatazama, mikono kiunoni.

"Hongereni. Sasa hapo chini yenu pana moto?"

Braza akacheka. Mie nikakimbilia kuni, maana vitu kama hivyo huwaga sipendi vinipite.

Tukajaza sufuria maji, tukawasha. Hayajachemka sawasawa, vyuma vya juu vikawa vyekundu, vikaanza kubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka. "Rudini nyuma!" braza akapiga kelele. Sufuria likalala ubavu, maji yote kwenye moto, ua mzima mvuke. Hakuna aliyeungua. Ndani ya mvuke ule nikasikia sauti ya shangazi:

"Hapo ingekuwa pilau."

Kesho yake braza alianza upya, bila utani. Miguu akaifanya ya bomba la inchi mbili, unene wa milimita tatu, akaitanua ikae nje ya moto. Juu, panapokaa sufuria, hakutaka tena kitu chenye uwazi ndani. Akaweka nondo nene. Alinieleza kwamba bomba jembamba likiwa baridi linakudanganya, likipata moto linalegea. Nikamwambia hata mie nikiitwa kuosha vyombo nakuwaga hivyohivyo. Tukawasha tena. Maji yakachemka mpaka yakapungua nusu, vyuma vimenyooka vilevile.

Siku ya harusi shangazi alisimama wima, mwiko mkononi, na wajomba wakawa wanapita kuonja kwa adabu zote. Kitu kimoja tu hatukukipigia hesabu. Zamani, akiwa kainama, alikuwa haoni zaidi ya sufuria lake, sie tunajichotea nyama kwenye beseni kwa raha zetu. Sasa anaona ua mzima.

"We mtoto! Rudisha hizo nyama!"

Nikarudisha zote, isipokuwa ile iliyokuwa tayari mdomoni.