Tundu Nililoliziba Roshani

Ujuaji wangu umeniaibisha. Nyumba ya marehemu baba hapa Nateete ni ghorofa ya zamani, na roshani yake yenye sakafu ya vigae ilivuja hadi chini, sebuleni kwa shangazi. Fundi Ramadhani aliziba nyufa zote, akaacha tundu moja pembeni. Nikamwita mvivu mbele ya majirani, nikamfukuza, nikaliziba mwenyewe kwa saruji. Wiki nzima nilijisifu.

Siku ya hitima ya baba mvua ikanyesha. Maji yakajaa roshani, yakapita chini ya mlango, yakateremka ngazi hadi kwenye mikeka, watu wakisoma.

“Mwoneni fundi wenu!” nikafoka.

Ramadhani, aliyekuja kusoma pia, akapanda juu, akarudi amelowa, akamgeukia shangazi.

“Hajati, nani ameziba njia ya maji?”

Shangazi akanikabidhi juzuu iliyolowa.

“Mjibu,” akaniambia.