Waya Kwenye Kamba ya Nguo

Siku hizi, ikifika saa kumi alasiri, nasikia bomba la uani likidondosha maji. Zamani sikuwahi kulisikia. Saa hiyo mjomba wangu alikuwa mezani dirishani, akigonga redio yake ndogo: ti-ti-taa, ti-taa.

Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa nyaya za simu. Mwenzake wa kazi alihamia mbali, kisha kiharusi kikamnyang'anya ulimi. Hata herufi akiziona hazimwelei tena. Lakini zile za Morse, za mlio mfupi na mrefu, alizozigonga ujanani zilibaki kidoleni, na wote wawili walikuwa na leseni za redio.

"Hajafa huyu," mjomba aliniambia. "Amebaki kidole kimoja tu. Nikikiacha, nimemzika."

Tatizo lilikuwa antena. Mama mwenye nyumba alipiga marufuku waya wowote juu ya paa tangu mpangaji mmoja alipotoboa mabati, mvua ikawafuata watu kitandani. Atakayerudia, ahame.

Mjomba aliwaza siku tatu. Ya nne akachukua kamba ya nguo, akaizungushia waya mwembamba wa shaba, akaivuta kutoka dirishani kwetu ghorofani hadi nguzo ya chuma mwisho wa uwanja. Pale nguzoni akaweka shingo ya chupa ya plastiki, waya usiguse chuma. Mwisho akatundika fulana yake kuukuu.

"Mjomba, fulana hiyo hata mwizi ataionea huruma."

"Ndiyo sifa yake," akasema.

Wiki ya tatu mama mwenye nyumba alisimama chini ya nguzo, shingo juu. Mjomba aliondoa mkono redioni kama aliyeungua. Punde mlango ukagongwa.

"Kaka, ile kamba umeifunga wewe?"

"Ya nguo tu ile, dada."

"Njia ya mwongo fupi. Fundo lile marehemu mume wangu alilifunga nguzoni, kwenye magunia, mpaka kwenye viatu vya watoto. Nyie mafundi wa simu hamjui kufunga ovyo hata mnapoficha!"

Mjomba akainamisha kichwa. Angeweza kupiga fundo lolote baya, lakini mkono wake ulikataa. Akamweleza yote. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Na mgonjwa mwenyewe anajibu?"

Mjomba akaongeza sauti. Ti-taa, zikaja polepole, zikisitasita.

"Anasemaje?"

"Anauliza mbona nimenyamaza."

"Sasa unanitazama mimi wa nini? Mjibu!"

Mjomba akajibu, machozi yakimdondokea mkononi.

Alipoambiwa kwamba nguo mbichi huvuruga mawasiliano, mama aliichunga kamba ile kuliko paa lake. Jumamosi moja nilimsikia akimfokea jirani: "Toa shuka lako! Kuna watu wanazungumza hapo!"

Walizungumza miaka sita. Mimi hutia chumvi katika mambo mengi, lakini si katika hili: miaka ile sita tulipewa na mwanamke aliyekuwa na haki ya kutufukuza.

Mwezi uliopita kidole kiligonga neno moja: njoo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemfungia mjomba sanduku. Kamba mama ameiacha palepale, na fulana ya mjomba.

Mjomba sasa anaishi kwa mwenzake, chumba kimoja, vitanda viwili.